Fanzini ya klabu: kijarida kinacholipiwa kwa barua

Fanzini ni jarida linaloandikwa, kuhaririwa na kuchapwa na mashabiki wenyewe kwa ajili ya mashabiki wenzao, bila mshahara na bila kutafuta faida. Siku hizi ziko za muziki, za soka na za katuni, lakini chimbuko lake ni wapenzi wa hadithi za kisayansi: zile za safari za anga, mashine zenye akili na dunia za kesho. Fanzini ya klabu ni tawi mojawapo la ukoo huo. Ni kijarida, mara nyingi cha kila mwezi, kinachotolewa na klabu ya mji fulani ili wanachama wajue mkutano ujao ni lini, nani atazungumza, kitabu gani kipya kimetoka, na nani aliwavunja watu mbavu mara ya mwisho walipokutana.

Mambo yalianza na anwani. Mwaka 1926 Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alianzisha Amazing Stories, jarida lililochapa hadithi za aina hii peke yake. Kwenye kurasa za barua aliweka majina ya wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Basi wasomaji, badala ya kumwandikia mhariri tu, wakaanza kuandikiana wao kwa wao. Aliyekulia na redio ya Kiswahili anaujua mchezo huu: watuma salamu walifahamiana kwa kusikia majina yao yakisomwa hewani, mwishowe wakaunda vyama na kuzikana. Wale wa Amazing Stories nao waliunda klabu ya kuandikiana, na Mei 1930 klabu hiyo ikatoa kijarida kilichoitwa The Comet, mhariri wake Raymond Palmer. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa fanzini ya kwanza, ingawa jina fanzini lilikuja kubuniwa miaka kumi baadaye, mwaka 1940, na shabiki Mmarekani Louis Russell Chauvenet.

Kuna watu wanaodhani vijarida vya namna hii ni mambo ya watoto. Mfano mmoja unatosha kuwajibu. Klabu ya Los Angeles ilianza mwaka 1934 kama tawi la umoja wa mashabiki ulioasisiwa na Gernsback huyo huyo, na mwaka 1937 ikaanza kutoa kijarida chake cha kila mwezi, Imagination! Toleo la Januari 1938 lilikuwa na hadithi ya kijana wa miaka 17 ambaye hakuna mhariri wa kulipa aliyekuwa amemtazama. Kijana huyo ni Ray Bradbury, na hiyo ndiyo hadithi yake ya kwanza kuchapwa popote. Mwaka uliofuata akaanzisha fanzini yake mwenyewe, ikatoka mara nne tu ikafa. Klabu yenyewe ipo hadi leo.

Ndani ya toleo la kawaida kuna nini? Chukua klabu ya Birmingham, Uingereza, iliyoundwa mwaka 1971. Kijarida chake cha kila mwezi, Brum Group News, kinaanza na jambo linalomhusu mwanachama kwanza: mgeni wa mwezi ni nani, mahali, saa, na kiingilio, ambacho mwanachama hulipa pungufu kuliko mgeni. Baada ya hapo ni habari za waandishi na tuzo, filamu zinazokuja, mikutano ya miji mingine, kisha uhakiki wa vitabu unaoandikwa na wanachama. Mchapishaji huleta nakala za bure, mwanachama anajichukulia moja, na deni lake ni kuandika aya chache. Uhakiki wa namna hiyo una utamu wake. Mtu hana sababu ya kumsifia mwandishi asiyempenda, na Ijumaa ya mkutano anaweza kukutana ana kwa ana na waliomwona hajui kitu.

Vijarida vya zamani vilikuwa na kitu kimoja nisichokiona sana siku hizi, nacho nakipenda kuliko vyote. Nafasi ikibaki kati ya makala mbili, mhariri alipiga mistari miwili ya kulala, na katikati yake akaandika sentensi moja aliyoidaka kwenye mazungumzo ya klabu, bila kusema nani kaisema wala ilitokana na nini. Waliokuwepo walicheka. Wewe uliyekuwa mbali ulibaki kujiuliza, na pengine ukafunga safari mwezi uliofuata usije ukapitwa tena.

Uchapaji ulikuwa kazi ya mikono, na walimu waliotunga mitihani kabla ya kompyuta wataitambua mara moja. Unachukua stensili, karatasi laini iliyopakwa nta, unaiingiza kwenye taipureta na kuzuia utepe wa wino usiguse. Kila herufi unayogonga inatoboa nta. Ukikosea, unapaka dawa ya kusahihishia, unapuliza ikauke, unagonga tena juu yake huku ukiomba isipasuke. Kisha stensili inafungwa kwenye pipa la mashine ya kudurufu, unazungusha mkono, na wino unapenya kwenye vile vitundu hadi kwenye karatasi. Harufu ya dawa ile iliwakaa wahariri puani kiasi kwamba tangu mwaka 1984 watengenezaji wa fanzini wana mkutano wao wa kila mwaka uliopewa jina la dawa hiyo kwa mkato wa Kiingereza, Corflu. Wasio na mashine walitumia trei ya jeli na wino wa zambarau, ambao ulianza kufifia kabla nakala hazijafika mia. Ndiyo maana baadhi ya fanzini za miaka ya 1930 ni adimu leo: tangu mwanzo zilikuwa chache mno.

Kurasa zikishakauka zilipangwa mafungu mezani, wanachama wakaizunguka meza wakiokota ukurasa mmoja mmoja, na wa mwisho akapiga stepla. Klabu nyingi ziliifanya kazi hii kuwa sherehe. Chai, porojo, na hapo hapo mtu anapangiwa kuandika toleo lijalo.

Sasa tuje kwenye malipo, kwa maana hapa ndipo fanzini inapoachana kabisa na gazeti. Ada ya uanachama hulipia karatasi na stempu. Lakini asiye mwanachama naye anaweza kukipata kijarida bila kununua, kwa njia ambazo mashabiki wenyewe huziita tu “za kawaida”: ukileta makala au mchoro, ukibadilishana na fanzini yako, au ukiandika barua ya kujibu yaliyochapwa. Barua hizo huchapwa toleo linalofuata, mara nyingine zikiwa ndefu kuliko makala zilizozizaa. Ambaye barua yake haikupata nafasi hutajwa jina kwenye orodha ya “tulisikia pia kutoka kwa”. Na baadhi ya wahariri waliweka ukurasa wa nyuma orodha ya sababu za wewe kupokea toleo hilo, wakitia alama ya X penye yako: umeandika, umetajwa ndani, tunatamani uandike. Sababu ya kuogopwa ilikuwa ile inayosema hili ni toleo lako la mwisho usipojibu.

Usichanganye fanzini ya klabu na ndugu zake. Iko ya mtu mmoja anayejiandikia maisha yake, iko ya makala za kila aina, na iko ya habari tupu kama Ansible ya David Langford, iliyoanza Uingereza mwaka 1979, ikasimama, ikarudi mwaka 1991 ikiwa karatasi moja kila mwezi, mbele na nyuma. Hizo hazifungwi na mji wala ratiba ya mikutano. Ya klabu imefungwa, na klabu ikisambaratika nayo inakufa.

Barani kwetu klabu yenye historia ndefu iko Johannesburg, Afrika Kusini. Ilianza mwaka 1969, na jarida lake linaitwa Probe.

Leo vijarida vingi hutumwa kwa baruapepe, na vya zamani vinaendelea kuingizwa kwenye kompyuta. Chuo Kikuu cha Iowa kina mkusanyo mkubwa ulioachwa na shabiki Rusty Hevelin, na mradi wa Fanac umeweka maelfu ya kurasa mtandaoni bure. Ukitaka kuonja, usianze na toleo la kwanza la fanzini yoyote. Anza na la pili au la tatu, barua zikishafika.