Wawili, Begi la Mgongoni na Miji ya Ulaya: Yanayosemwa na Yalivyo

Mume na mke wakisema wanataka kuzunguka miji ya Ulaya polepole, kila mtu na begi lake mgongoni, watu huwapa ushauri mwingi. Sehemu kubwa ya ushauri huo imekosewa, na makosa yake hugharimu pesa.

Baya kuliko yote ni hili: kwa kuwa nauli ya ndege mmeshalipa, basi muone nchi nyingi iwezekanavyo. Kinachokula fedha Ulaya ni kuhamahama. Kila mkihama mji mnanunua tiketi mbili, mnakula stesheni kwa bei ya stesheni, na siku inakatika katikati mkisubiri chumba kifunguliwe. Wawili wanaotulia Ghent, Ubelgiji, kwa siku tano wanafika Bruges kwa treni chini ya nusu saa, Brussels kwa muda unaokaribia huo, Antwerp kwa kama saa moja, na jioni wanarudi kulala palepale. Tena Ghent yenyewe haimalizwi kwa asubuhi moja. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Bavo kuna mchoro wa madhabahuni wa ndugu wawili wa ukoo wa Van Eyck, uliokamilika mwaka 1432, na anayeukimbilia kati ya treni mbili hajauona.

Venice inaonyesha jambo hilo waziwazi. Tangu Aprili 2024 mji huo umekuwa ukitoza ada ya kuingia katika siku maalumu zenye msongamano, kuanzia euro 5, na wanaotozwa ni wale wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni. Anayelala ndani ya manispaa ya Venice, hata kama ni upande wa bara kule Mestre, hatozwi ada hiyo. Kodi ya utalii huilipia kwenye malazi yake. Asiye na haraka ameangaliwa vizuri zaidi, na nadhani ni haki.

Wengine husema msiende bila tiketi ya reli ya Ulaya nzima. Ipo kweli: Eurail ni ya wanaoishi nje ya Ulaya, na Interrail ni ya wakazi wa Ulaya, ambapo kinachotazamwa ni ukazi. Ndugu yenu anayeishi Ujerumani kihalali hununua Interrail hata akiwa na pasipoti ya Tanzania au Kenya. Lakini treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania hudai mlipie nafasi ya kukaa juu ya tiketi hiyo. Tiketi hizo zinamfaa anayeruka masafa marefu kila siku mbili. Kwa wanaokwenda taratibu, treni za mikoa mara nyingi ni nafuu zaidi. Nchini Italia bei ya treni ya Regionale hufuata umbali na haipandi mkichelewa kununua. Kutoka Florence mtafika Lucca kwa saa moja na ushee, mpande juu ya ukuta wa kale, mtembee zaidi ya kilomita 4 kuuzunguka mji mzima chini ya miti, bila kulipa chochote. Mkinunua tiketi ya karatasi, igongesheni muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Faini yake ni chungu.

Kwenye visa ndiko nawasihi msome kila neno. Kwanza, ndoa haileti visa moja: kila mmoja ana fomu yake, ada yake ya euro 90, na bima yake ya safari isiyopungua euro 30,000, na mmoja anaweza kukubaliwa mwenzake akakataliwa. Pili, Schengen, yaani kundi la nchi ambazo visa hiyo inawaruhusu kuzizunguka, si Ulaya yote. Uswisi na Norway zimo ingawa haziko katika Umoja wa Ulaya. Ireland imo katika Umoja lakini haimo Schengen. Uingereza na Serbia hazimo. Mwenye visa ya kuingia mara moja akitoka kwenda Belgrade, mji mkuu wa Serbia, hawezi kurudi Vienna, Austria, iliyomo Schengen, kwa visa hiyo. Tatu, tarehe zilizochapwa kwenye visa si idadi ya siku mlizopewa. Stika inaweza kuonyesha miezi mitatu, huku mstari wa siku ukisema 20; mnaishi kwa hizo 20, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Kikomo cha juu ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi pelekeni kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa ile mtakayoingia kwanza.

Je, hosteli ni za wanafunzi? Zilianza hivyo: ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa mwaka 1912 katika ngome ya Altena, Ujerumani, na mwalimu Richard Schirrmann. Leo nyingi zina vyumba vya watu wawili na jiko la kupikia, na jiko hilo litawaokoa kuliko punguzo lolote. Maji nayo msinunue bila sababu. Vienna hunywa maji ya chemchemi za milimani kutoka bombani tangu 1873, na Rome ina mabomba ya barabarani yapatayo 2,500 yanayotoa maji safi bure.

Wapo pia wanaoamini kwamba Wazungu hawasalimiani. Ingia duka la mkate Ufaransa uagize bila kusema «Bonjour», utaona uso ulivyobadilika. Sisi tuliolelewa kusalimu kwanza tuna faida hapo, tuitumie.

Na wapenzi si lazima waongozane kila saa. Mkikaa mahali siku kadhaa, mmoja aende makumbusho na mwingine sokoni, mkutane jioni mkiwa na la kusimuliana. Ila ikiwa ni Ujerumani, wa sokoni aende Jumamosi, maana Jumapili karibu maduka yote hufungwa, isipokuwa yale ya stesheni kubwa.