Kubebewa mzigo Kilimanjaro sio uvivu

Kuna watu wanasema ukipanda Kilimanjaro na wapagazi hujapanda kweli, eti mbona Marekani mtu anatembea Appalachian Trail, kilomita kama 3,500, na begi lake mgongoni. Jamani hivi vitu havifanani. Kule kila baada ya siku chache unashuka mjini unanunua msosi, kwa hiyo begi halijai sana, ila njia ya Machame, mojawapo ya njia za kupanda Kilimanjaro, hakuna duka, mahema, gesi, vyakula, vyote vinatoka getini na taka zinarudishwa chini, halafu hifadhi inakutaka uwe na mwongozaji mwenye leseni, huendi peke yako hata uwe fiti vipi. Pale getini mizigo inapimwa kwenye mzani, mpagazi mwisho kilo 20, na ndo kazi inayomlisha. Cha kuuliza ni analipwa shilingi ngapi, anakula nini na analala wapi, hilo ndo la maana kabisa.

Na kila nchi ina utaratibu wake. Hispania nako, Camino de Santiago, ile njia ndefu ya mahujaji, wengi hata hema hawabebi, wanalala hosteli za mahujaji. Scotland sheria ya 2003 inakuruhusu kupiga hema sehemu nyingi za wazi, ukivuka tu kuingia England kwa kawaida unaomba ruhusa ya mwenye ardhi.