Namba E si umri wa gari

Mteja anayetaka kununua gari la mtumba ananiambia: "Ni Toyota IST namba E, fundi, hiyo wala haihitaji kukaguliwa sana." Nimechoka. Herufi za namba zinakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. IST ya 2003 iliyoshuka bandarini juzi hupewa namba ya juzi. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi ya gari, na TRA, mamlaka ya mapato, wanautazama huo: gari linaloingizwa likipita miaka 8 hutozwa ushuru wa uchakavu. Wao hawababaishwi na herufi.

Kilometa nazo? Dashibodi inasoma 78,000, raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma kinaonekana. Amini pedali, si dashibodi. Bushi, shokapu, bolijointi: zikigonga punguza bei, songa mbele.

Kinachofilisi watu ni gari lililowahi kuchemsha. Hapa tulia.

Fika saa kumi na mbili asubuhi, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, muuzaji kaliwasha kabla hujafika, rudi kesho. Ikiwa baridi, fungua kofia ya rejeta. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ya Toyota huwa nyekundu au ya pinki. Ukikuta kahawia kama chai ya rangi, gari limelelewa kwa maji ya bomba na ndani kuna kutu. Ukikuta utando wa oili, aga. Kofia ikiwa bado wazi, liwashwe. Vipovu vichache mwanzoni ni hewa tu. Vikitoka mfululizo bila kukoma na injini haijapata moto, gesi ya silinda inapenya kwenye maji: gasketi ya silinda hedi imekwenda, au hedi yenyewe imepinda.

Sasa themostati, ugonjwa wetu wa taifa. "Afrika joto, itoe tu." Joto gani, Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Julai watu wanatembea na makoti mchana? Kazi yake ni kuzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 hivi, injini ipate moto upesi. Ukiitoa, injini inakaa baridi, kompyuta inaongeza petroli, na petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Baadaye unasikia "IST zinakunywa mafuta". Tena mara nyingi aliyeitoa alikuwa anaficha kuchemsha. Shika paipu ya chini ya rejeta wakati injini inapata moto (vidole mbali na feni): inatakiwa ibaki baridi kwanza, kisha ipate joto themostati ikifunguka. Ikipanda joto polepole pamoja na injini tangu mwanzo, ndani hakuna kitu.

Baada ya hapo pandisha mlima, AC ikiwa imewashwa. Arusha nenda Ilboru, Moshi nenda Kibosho. Toyota Vitz za kuanzia 2005 hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu na nyekundu tu. Ukiiona nyekundu, umeshachelewa.

Oili: injini ya 1NZ, iliyomo kwenye IST nyingi, inachukua lita 3.7, na nyepesi, 5W-30. Ikiwa nzito kama asali, kuna kelele au moshi unafichwa. Acha injini ingurume dakika tatu bila kukanyaga, kisha kanyaga ghafla. Moshi wa bluu ukifumka mara moja kisha ukakata, sili za valvu zimekwisha. Ukiendelea kutoka, shaka ringi za pistoni.

Gia boksi ndiyo inayoninyima raha. CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na hatua za gia, inataka oili yake yenyewe, na aliyeijaza ATF, oili ya otomatiki za kawaida, ameanza kuiua hata kama leo inateleza vizuri. Sikiliza mtetemo kati ya kilometa 20 na 40 kwa saa, gari likiwa limepata moto. Isipotetemeka, bado siwezi kukuapia: kuna zinazopita majaribio yote, zikafa mwezi wa pili baada ya kununuliwa. Na ile oili isiyobadilishwa miaka kumi, ibadilishwe au iachwe? Mimi huibadilisha kwa kumwaga na kujaza tu, bila mashine ya kusafisha, kisha namwambia mwenye gari aweke akiba.