Uchamungu: imani inapofika kwenye kopo la kupimia

Uchamungu ni kuishi ukijua kwamba Mungu anakuona, na kwa sababu hiyo ukajizuia hata pale ambapo hakuna binadamu anayekutazama. Kitenzi kilichomo ndani yake ni kucha, yaani kuogopa kwa heshima. Uchamungu si sawa na kuwa na dini. Dini unaweza kurithi kwa wazazi pamoja na jina. Uchamungu huonekana ukiwa peke yako na kitu cha mtu.

Tazama sado, lile kopo la rangi la lita 4 linalopimia karanga na maharage katika masoko ya Dodoma. Kitako chake kikigongwa kikaingia ndani kidogo, kinakula ujazo. Mnunuzi haoni, maana bonde lile limefunikwa na karanga zenyewe, na juu kopo limejazwa hadi linamwagika. Wakala wa Vipimo hawezi kusimama kwenye kila meza. Je, imani ya muuzaji inamzuia kuligonga?

Ukimwuliza, atakuambia inamzuia, na pengine anasema kweli, ila jibu hilo halipimi kitu. Kulinganisha waumini na wasioamini nako hakutufikishi mbali hapa kwetu, kwa kuwa karibu kila mtu anajitaja kuwa muumini, na sensa ya taifa haijauliza dini tangu ile ya 1967. Kinachofaa ni kumpa mtu nafasi ya kudanganya bila kukamatwa, kisha kuhesabu.

Ndivyo walivyofanya watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2016, wakiwa na watu 591 kutoka jamii nane duniani, wakiwemo Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Singida. Mchezaji hupewa sarafu 30, vikombe viwili na dadu lenye rangi mbili. Kikombe kimoja, tuseme, ni chake; kingine ni cha mtu asiyemjua, wa imani moja naye, anayeishi mbali. Kabla ya kila kurusha anachagua kikombe moyoni, hatamki. Dadu likitua rangi ya kwanza, sarafu inaingia kikombe alichochagua. Likitua rangi ya pili, inaingia kile kingine. Alichokichagua anakijua yeye na Mungu wake tu. Watu wakiwa wakweli, kila kikombe kitapata sarafu 15 kwa wastani. Mtu mmoja akijipatia 18 huwezi kumshtaki, bahati hutokea. Ni kundi zima likiegemea upande mmoja ndipo unajua kuna mkono.

Matokeo: kadiri mtu alivyoamini kwamba Mungu wake anajua mawazo ya watu na anaadhibu uovu, ndivyo yule mgeni wa mbali alivyopata sarafu nyingi zaidi. Imani kwamba Mungu hutoa thawabu haikuonyesha nguvu hiyo. Na tusipitishe hili haraka: mgeni yule alikuwa wa dini moja na mchezaji. Jaribio halisemi lolote kuhusu jirani wa dini nyingine, na katika mji kama Dodoma, wenye misikiti na makanisa mtaa mmoja, hilo ni pengo kubwa.

Jambo la pili ni ukumbusho. Imani iliyolala haizuii kitu. Utafiti wa 2015 katika soko la Marrakech, Moroko, ulikuta wenye maduka wakiwa wakarimu zaidi wakati adhana inasikika kuliko saa nyingine, ingawa ni watu wenye imani ileile. Huko Vancouver, Kanada, mwaka 2007, watu waliopewa maneno ya dini wayapange katika sentensi, kisha dola 10 wagawane na mgeni, walimwachia mgeni huyo sehemu kubwa zaidi kuliko waliopewa maneno ya kawaida. Lakini waliopewa maneno kama polisi, mahakama na mkataba walitoa karibu sawa na wale wa dini. Jaribio kubwa zaidi la baadaye halikupata tokeo hilo la dini, kwa hiyo lisibebeshwe mzigo peke yake.

Halafu kuna haraka, ambayo wahubiri huitaja mara chache. Mwaka 1973, huko Princeton, Marekani, wanafunzi 40 wa theolojia walitumwa jengo la pili kutoa hotuba, wengine kuhusu Msamaria Mwema hasa, yule wa mfano wa Yesu aliyesimama njiani kumsaidia mtu aliyejeruhiwa. Njiani palikuwa na mtu amejikunja mlangoni, akikohoa na kuugua. Kati ya waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kwenda kumhubiri Msamaria hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Saa ndiyo iliyoleta.