Kwa Nini Sumu ya Risasi Haiondoki Ardhini Hata Kiwanda Kikifungwa?

Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilichopakana na mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kilianza kazi mwaka 2007 na kikafungwa mwaka 2014. Moshi wake ulikoma. Kwa nini, basi, wakazi waliendelea kudai kwa miaka mingi kwamba ardhi yao isafishwe, ilhali mvua za masika zilikwisha kuinyeshea mara nyingi?

Jibu limo katika tabia ya risasi yenyewe, ile metali nzito na laini iliyomo ndani ya betri. Mafuta yakimwagika, vijidudu vya udongoni huyala polepole. Taka za jikoni huoza. Risasi ni elementi, yaani dutu ya msingi isiyovunjika kuwa kitu kingine, kwa hiyo haiozi wala haiteketei. Vumbi lake likitua juu ya mabati, uani na vichochoroni, hushikamana na mboji na chembe za udongo wa mfinyanzi kwa nguvu kiasi kwamba maji ya mvua hayalizamishi mbali. Hubaki katika sentimita chache za juu.

Sentimita hizo ndizo uwanja wa mtoto. Anayetambaa huburuta viganja vyake mchangani, kisha hutia vidole kinywani. Mama anapofagia asubuhi kwa ufagio mkavu, vumbi hupanda na kutua kwenye sufuria na matandiko. Mtoto hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichomeza, na mwili, ukiichukulia kuwa kalsiamu, huihifadhi kwenye mifupa na meno. Kutoka mifupani yaweza kurudi katika damu wakati wa ujauzito na kumfikia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Hata hivyo, tabia hiyohiyo ya kung'ang'ania udongo wa juu ndiyo inayowezesha ardhi kusafishwa kwa jembe na koleo. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, ambako mwaka 2010 zaidi ya watoto 400 walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa majumbani, wanakijiji walikwangua udongo wa juu uani mwao, wakauzika mahali maalumu na kutandaza udongo safi. Shirika la kitabibu la Madaktari Wasio na Mipaka lilisubiri nyumba isafishwe kwanza ndipo limtibu mtoto wa nyumba hiyo, kwa sababu dawa ya kuondoa risasi katika damu haina maana iwapo mtoto atarudi kuchezea vumbi lilelile.

Ndiyo maana madai ya Owino Uhuru hayakuishia kwenye fidia. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga alikutwa na risasi katika damu, aliwaunganisha majirani, akaanzisha shirika la kutetea haki na mazingira, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kwamba udongo, maji na taka za mtaa huo visafishwe ndani ya miezi 4, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kuigharimia kazi hiyo. Fidia hiyo ilifutwa katika rufaa, lakini Mahakama ya Juu ya Kenya iliirejesha Desemba 2024.

Kwangu mimi, agizo la kusafisha lina uzito kuliko fedha zote hizo. Katika mtaa kama huu kazi haiishii kwenye udongo: mabati na kuta zilizobeba vumbi miaka yote hiyo huhitaji kuoshwa au kubadilishwa, kwani mvua ya kwanza itakayoteremka kutoka paani yaweza kuichafua tena ardhi iliyotandazwa udongo safi.