Sekunde Kumi Ulizomtumia Rafiki Yako Bado Si Wimbo

Swali limekuja tena, lilelile: "Melodi nilimtumia mimi, sasa kwa nini rafiki yangu aliyeandika maneno naye aandikwe mtunzi?" Kwa sababu ametunga, ndugu yangu. Wewe ulimtumia sekunde kumi za kuguna kwenye simu, gitaa halijatuniwa, mbwa anabweka kwa nyuma.

Sheria tumalizane nayo haraka. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna wazo lilivyotolewa. Kodi nne za gitaa zilizozoeleka (kodi, yaani "chord", noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) hazina mwenyewe. Melodi uliyoirekodi, ikiwa na upekee wake, hiyo ni yako. Sijasema huna kitu. Nasema ulicho nacho si wimbo.

Kinachonikera hasa ni kusikia kwamba mwandishi wa maneno "anajazia tu". Haya, chukua kiitikio ambacho melodi yake inaishia kwenye noti moja ndefu, ya juu, juu ya pigo zito. Kwenye gitaa ni tamu mno. Sasa tia Kiswahili. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukimalizia mstari na "moyo", noti yako ndefu inaangukia -yo, na msikilizaji anasikia "moYO", kama mtu aliyejifunza lugha jana. Mwenzako afanyeje? Pengine ataipasua noti iwe mbili: mo- ikae kwenye pigo, -yo ishuke taratibu baada yake. Pengine atamalizia na "wewe tu", maana "tu" inaubeba uzito ule bila kulalamika, lakini hapo itabidi ubeti mzima ubadilike ufuate vina vipya. Akichagua ile ya kwanza, noti ya chini huenda ikagombana na kodi yako, naye atabadilisha kodi. Hebu niambie, hiyo sasa ni melodi ya nani?

Najua utasema waimbaji huvunja mkazo kila siku. Kweli, na katikati ya mstari sikio husamehe. Mwisho wa kiitikio halisamehe. Ila zipo nyimbo zinazouvunja palepale na umati unaziitikia kwa nguvu, na kila nikizisikia, kanuni yangu hii hutikisika.

Wala si lazima mkae chumba kimoja, au melodi itangulie. Bernie Taupin, mwandishi wa maneno, huandika kwanza, kisha mwimbaji Elton John huyatafutia melodi peke yake kwenye piano. Lennon na McCartney wa kundi la Beatles nao walikubaliana mapema majina yote mawili yaandikwe, hata pale mmoja alipotunga karibu kila kitu mwenyewe.

Asilimia ndiyo sehemu ngumu. Mimi na rafiki hugawana nusu kwa nusu, na mara nyingine nikipiga hesabu kimyakimya naona haiko sawa, iwe kwake au kwangu. Lakini noti moja iliyookoa kiitikio utaipima kwa mizani gani? Kuhesabu mistari ni upuuzi.

Rekodi ile ya simu usiifute, tarehe yake ni ushahidi wako. Na mgawanyo uandikeni siku demo, ile rekodi ya majaribio, inapokamilika, kabla hamjaenda kwa prodyuza, maana akishagusa tu kodi za daraja, kile kipande cha wimbo kisicho ubeti wala kiitikio, mtakuwa watatu mezani.