Je, wajua kwa nini Machi katika Milima ya Alps joto hufika nyuzi 17 asubuhi na theluji ikaanguka jioni?

Altdorf ni mji mdogo wa Uswisi, kaskazini mwa njia ya mlimani ya Gotthard, kama mita 450 juu ya usawa wa bahari. Siku moja ya Machi nguo zilizoanikwa saa nne asubuhi huweza kukauka kabla ya adhuhuri, na jioni hiyohiyo watu wakashika sepetu kuondoa theluji mlangoni. Mgeni atasema hewa ya huku imechanganyikiwa. La hasha. Yafuate maji tu, yanapokuwa mvuke, matone na barafu, nawe utaona joto linakotoka na linakokwenda.

Tuanze na jua. Tarehe 21 Desemba jua la saa sita mchana haliinuki hata digrii 20 kutoka upeo wa macho. Tarehe 21 Machi hufika digrii 43. Mteremko unaotazama kusini huvua theluji yake na udongo ukaanza kunywa joto, ilhali ule wa ng'ambo ya mto ungali mweupe, ukirudisha angani sehemu kubwa ya mwanga. Wakati huohuo hewa ya Aktiki bado ni baridi kali upande wa kaskazini, na ya Mediterania imejaa unyevu upande wa kusini. Alps zimesimama katikati kama ukuta.

Hewa ya kusini ikisukumwa juu ya ukuta huo, huzaliwa upepo unaoitwa Föhn. Hesabu yake ni nyepesi. Hewa inayopanda hupoa nyuzi 1 kwa kila mita 100, lakini mvuke ukianza kugeuka matone hutoa joto lake, na kupoa kunapungua hadi nyuzi 0.6 hivi. Chukua hewa yenye nyuzi 12 katika mita 300 upande wa Ticino, jimbo la Uswisi lililo kusini mwa Alps. Ikifika mita 900 ina nyuzi 6, na mawingu yanaanza. Ikifika mita 2,400 ina nyuzi 3 chini ya sifuri, na mvua au theluji imeshamwagika upande wa kusini. Sasa inashuka kaskazini ikiwa kavu, ikipata nyuzi 1 kamili kwa kila mita 100. Altdorf inafika na nyuzi 16 au 17. Zile nyuzi za ziada ni joto la mvuke uliobaki kusini ukiwa mvua. Kuna siku Föhn huvuma bila tone la mvua kusini, kwa sababu hewa ya chini imezuiwa na mlima na inayoteremka ni ile ya juu tu. Kwa hiyo mtu asiseme hakuna Föhn kwa kuwa Ticino ni kukavu. Kumwaga mvua upande mmoja na kuacha mwingine mkavu tunakujua hata kwetu: tazama Lushoto, kisha tazama Mkomazi nyuma ya Usambara.

Upepo huu hukausha kila kitu, unyevu wa hewa ukishuka mara nyingi chini ya asilimia 30. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Mei 1861, moto uliochochewa na Föhn uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Glarus. Watabiri huuwinda kwa kulinganisha mgandamizo wa hewa wa Lugano, mji wa Ticino, na wa Zurich, mji wa kaskazini: Lugano ikizidi kwa hektopaskali 4 hivi, mabonde ya kaskazini yajiandae.

Kisha Föhn huzimika. Hewa baridi kutoka magharibi huingia chini yake kama kabari, na joto laweza kuanguka nyuzi 10 au zaidi kwa muda mfupi. Mvua inaanza, na hapa ndipo utabiri huwapiga chenga wengi. Tuseme umeambiwa theluji itafika hadi mita 1,200 tu. Chembe za theluji zikiyeyuka njiani hunyang'anya hewa joto: kila kilo ya theluji huchukua kilojuli 334. Juu ya kila mita moja ya mraba, hewa yenye kimo cha kilomita 1 ina uzito wa kilo 1,150 hivi. Kwa hiyo milimita 10 za theluji iliyoyeyuka humo, yaani kilo 10 kwa kila mita ya mraba, zinaipoza kwa karibu nyuzi 3, na mpaka wa theluji unashuka mita 500. Uwandani upepo huleta hewa nyingine yenye joto; katika bonde jembamba lisilo na upepo, hewa ni ileile inayozidi kupozwa. Ndiyo maana dereva wa huko mwenye busara habadilishi matairi ya majira ya baridi kabla ya Pasaka.

Hatari kubwa zaidi huja usiku unaofuata, mawingu yakiondoka. Hewa baridi ni nzito. Huteremka taratibu na kutuama bondeni kama maji kwenye bakuli. Wakulima wa chai wa Kericho na Nyeri wanaijua: usiku mkavu wa Januari, chai ya bondeni huunguzwa na jalidi, yaani umande ulioganda, na ya kilimani ikabaki kijani. Katika bonde la Rhône, jimbo la Valais, kinachounguzwa ni maua ya aprikoti, maana joto la Machi limeyadanganya yakafunguka mapema. Ua lililofunguka huanza kufa karibu nyuzi 3 chini ya sifuri. Jalidi ya Aprili 2017 iliwaumiza sana wakulima wa huko.

Dawa yao humshangaza anayeiona mara ya kwanza: huyamwagia maua maji. Maji yakiganda hutoa zile kilojuli 334 kwa kilo, na ua lililomo ndani ya barafu hubaki karibu na sifuri ingawa nje ni nyuzi 5 chini. Zinahitajika milimita 3 hadi 4 kwa saa, yaani lita 30,000 hadi 40,000 kwa hekta, na kinyunyizio kirudi kwenye ua lilelile ndani ya dakika moja.

Wengi hukosea mwanzoni. Maji yanayogeuka mvuke huchukua joto zaidi ya mara 7 ya lile yanalotoa yakiganda, hivyo kufungua bomba hewa ikiwa kavu kunaweza kuyaua maua ambayo yangepona. Anayejua hasomi kipimajoto cha kawaida, bali kile kilichovishwa kitambaa kibichi, na hufungua kabla hakijafika sifuri. Upepo ukiwa mkali, haanzi kabisa.

Alfajiri hutazama barafu yenyewe. Ikiwa angavu kama kioo, na petali zinaonekana ndani, maji yanatosha. Ikiwa nyeupe kama maziwa, hayatoshi. Matawi huinama, mengine huvunjika kwa uzito, lakini bomba halifungwi jua likichomoza. Barafu inayoyeyuka nayo hutafuta joto, na italichukua la ua. Husubiri mpaka maji yatiririke kati ya barafu na gome, na vipande vianze kudondoka vyenyewe.